Kumfundisha Mwanafunzi wa Sekondari Msingi Kutambua Kinaya na Tamathali za Usemi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anayeandika kwamba mhusika fulani alisifiwa, ilhali mhusika huyo alikuwa akikejeliwa, hajakosa uwezo wa kuelewa kinaya, yaani maneno au mambo kwenda kinyume cha yanavyoonekana. Jioni ya siku hiyo hiyo, mwenzake anapopiga mkwaju ukapaa juu ya goli na kutua katika shamba la miwa la jirani, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga makofi na kusema, "Huyu apelekwe timu ya taifa!" Anajua kwamba hasifu, na kila anayemsikia anajua hivyo. Kilichompiga chenga darasani ni kwamba karatasi haina sauti, haina uso, wala haina mpira uliopotea ndani ya miwa mbele ya macho ya watu. Hali iliyomsaidia uwanjani bila yeye kuitafuta, sasa anatakiwa aitafute mwenyewe ndani ya maandishi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili wa Gredi ya 7, 8 na 9, na mzazi anayemsaidia mtoto wake kazi za nyumbani anaweza kuufuata pia. Mifano mingi imetolewa katika mazingira ya Kisumu, Kakamega na Nakuru, kwa kuwa kinaya hutegemea mambo ambayo msomaji anayajua tayari, na mwanafunzi wa mtaa wa Kondele, Kisumu, anamjua vizuri zaidi mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kuliko anavyoyajua majumba ya wafalme wa kale. Hatua zinazofuata hazitoshei kipindi kimoja cha dakika 40. Hatua ya kwanza peke yake inastahili kipindi kizima.

Hatua ya kwanza: Thibitisha hali kabla ya kutaja tamathali

Mtindo uliozoeleka ni wa mwalimu kuandika ubaoni orodha ndefu ya tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, tasfida, kinaya na kejeli, kila jina likifuatwa na fasili na mfano mmoja. Wanafunzi hunakili, hukariri, na wakipewa kifungu huanza kutafuta mahali pa kubandika majina. Sina ugomvi na orodha yenyewe, ambayo wataihitaji mwishowe, ila mtindo huu humfanya mwanafunzi ashike jibu kabla hajasoma. Tashbihi huweza kuustahimili usomaji wa namna hiyo kwa sababu mara nyingi ina neno linaloitambulisha. Kinaya hakiwezi, kwa kuwa hakuna neno lolote ambalo kwa lenyewe ni kinaya. Kinaya hukaa kati ya maneno na hali, na asiyeijua hali hawezi kukiona hata akisoma kifungu mara kumi.

Kwa hiyo anza na sentensi moja fupi: "Hongera, baba, viatu vyako vinang'aa." Iandike ubaoni bila maelezo yoyote, uwaulize wanafunzi kama msemaji anasifu au anakejeli, kisha uwaache wabishane kwa dakika chache. Baada ya hapo wape hali tatu, moja baada ya nyingine. Katika hali ya kwanza, kijana ameamka alfajiri siku ya Jumatatu, amevipaka viatu rangi na kuvisugua kwa brashi, na mama yake anamtazama mlangoni anapotoka kwenda shule. Katika hali ya pili, mvua imenyesha usiku kucha mtaani Nyalenda, kijana ametoka kucheza mpira, na viatu alivyonunuliwa juzi havitofautiani na udongo alioukanyaga. Mama yuko pale pale mlangoni, na maneno ni yale yale. Katika hali ya tatu, stima zimepotea, mama hana miwani yake, kijana amesimama gizani na viatu vyake vyenye tope, na dada yake ameziba mdomo kwa kiganja ili asicheke.

Katika hali ya kwanza maneno yana maana yake ya kawaida. Katika ya pili mama anamaanisha kinyume cha anachosema, na mwana anajua. Katika ya tatu mama anasema kwa moyo mweupe kabisa, lakini dada na sisi tunaosikiliza tunajua jambo ambalo yeye halijui. Usizitaje bado aina za kinaya. Inatosha wanafunzi waone kwamba sentensi haikubadilika hata herufi moja na maana imebadilika mara tatu.

Kutokana na zoezi hilo, waandike madaftarini maswali manne ambayo watayauliza kila wanapokutana na kauli yenye utata: Nani anasema? Anamwambia nani? Ni jambo gani hasa limetokea? Msemaji anajua nini, na sisi wasomaji tunajua nini? Swali la nne ndilo linalosahaulika mara nyingi, na ndilo litakalowaokoa watakapofika kwenye tamthilia.

Hatua ya pili: Pima kama maneno yanaweza kuwa kweli jinsi yalivyo

Hali ikishathibitishwa, mwanafunzi aichukue kauli na ajiulize kama inaweza kuwa kweli neno kwa neno. Ikiwezekana na hali ikakubaliana nayo, hapo hakuna tamathali, na asilazimishe. Isipowezekana, basi aulize kama msemaji anachora picha au anasema kinyume. Picha hutupeleka kwenye tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku na nahau. Kinyume hutupeleka kwenye kinaya na kejeli.

Tashbihi huonekana rahisi mpaka mwanafunzi aamini kwamba kila penye neno "kama" pana tashbihi. Mpe sentensi hizi azitazame: "Kama mvua itanyesha, hatutakwenda soko la Kibuye." "Abiria kama hamsini walikuwa wakisubiri matatu." "Aliajiriwa kama karani mjini Bungoma." "Sijui kama amefika." "Mvuvi yule wa Dunga alikuwa mwembamba kama utambi." Katika ya kwanza neno hilo linaonyesha sharti, katika ya pili makadirio, katika ya tatu wadhifa, na katika ya nne linabeba swali. Ya tano pekee ndiyo tashbihi, kwa sababu mtu na utambi ni vitu vya jinsi mbili vilivyokutanishwa kwa sifa moja. Hata kusema kwamba kijana ni mrefu kama kaka yake ni ulinganishi wa kawaida tu, na mimi singempa alama anayeuita tashbihi, ingawa najua kuna walimu ambao wangempa. Tashbihi huweza pia kuja kwa "mithili ya," "mfano wa," "sawa na" na "ungedhani," nayo haipaswi kumpita mwanafunzi kwa sababu tu haikuvaa neno alilolizoea.

Sitiari huondoa kiungo hicho na kukifanya kitu kimoja kuwa kingine: "Kondakta yule ni kasuku." Msemaji akiacha hata kumtaja kondakta na kusema tu, "Kasuku wetu leo amenyamaza," tumeingia kwenye jazanda, ambapo msomaji anaachiwa kazi ya kutambua ni nani anayezungumziwa. Katika Gredi ya 7 inatosha watambue kwamba kuna picha; mpaka baina ya sitiari na jazanda unaweza kusubiri Gredi ya 9.

Tashihisi, yaani kukipa kisicho binadamu matendo ya binadamu, ina mfano mzuri kando ya barabara inayotoka Kakamega kwenda Kisumu, katika eneo la Ilesi, ambako kuna mwamba mrefu uliobeba jiwe kubwa kichwani na ambao maji hutiririka kutoka juu yake kama machozi. Watu huuita Jiwe Linalolia. Kulia ni jambo la binadamu, na jiwe limekopeshwa. Waulize wanafunzi kama "upepo ulivuma" ni tashihisi, nao wataona upesi kwamba kuvuma ni kazi ya upepo wenyewe. Lakini "upepo ulinong'ona" ni jambo jingine. Kuna pia picha zilizochakaa kwa matumizi. Tunaposema kwamba gari limekataa kuwaka au tunapotaja mguu wa meza, hakuna anayeona tena gari lenye kiburi wala meza yenye unyayo. Mwanafunzi asipoteze muda kuzihesabu hizo, isipokuwa mwandishi amezifufua makusudi, kwa mfano kwa kuandika kwamba gari lilikataa kuwaka, likanuna, likasubiri liombwe radhi.

Chuku, yaani kulikuza jambo kupita kiasi, nayo huchanganywa na uongo. Mwongo anataka aaminiwe, naye mtia chuku anajua kwamba hataaminiwa na hataki kuaminiwa. Anayesema kwamba machozi ya bibi harusi yangelijaza upya Ziwa Victoria, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hatuombi tukapime. Anatueleza kiasi cha kilio.

Nahau zinahitaji kipimo tofauti, kwa kuwa maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Kipimo ninachokiona kuwa rahisi ni kubadilisha neno moja na kutazama kama maana itabaki. "Mzee huyu amekula chumvi nyingi" ni kauli juu ya umri. Badilisha chumvi uweke sukari, nawe utakuwa unazungumza na daktari juu ya afya yake. "Alipiga moyo konde" haivumilii kofi mahali pa konde. Palipo na nahau, maneno yameshikana na hayakubali kutenganishwa. Tasfida, yaani kutumia neno la adabu mahali pa neno kali, ni nyepesi zaidi: wanafunzi wanajua tangu nyumbani kwamba mtu huaga dunia na mama hujifungua, na kwamba mgeni huomba kwenda haja.

Hatua ya tatu: Tambulisha aina tatu za kinaya kwa mifano ya karibu

Sasa rudi kwenye viatu vya kijana wa Nyalenda na utoe majina. Hali ya pili ilikuwa kinaya cha maneno, na ya tatu kinaya cha kidrama. Kinaya cha hali hakikuwamo, nacho ndicho kinachohitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hakisemwi na mtu yeyote. Ni mambo yenyewe yanayokwenda kinyume cha yalivyotarajiwa.

Mfano ulio wazi uko Nakuru. Ziwa Nakuru lilipata sifa duniani kwa makundi ya heroe (flamingo) walioifanya kingo yake ionekane ya waridi kutoka mbali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa hilo yalipanda sana, yakameza sehemu za msitu na barabara za hifadhi. Asiyejua mambo ya ziwa hilo angetarajia kwamba maji mengi yangekuwa heri kwa ndege wa majini. Mambo yalikwenda kinyume: wingi wa maji ulipunguza ukali wa magadi, mwani ambao ni chakula cha heroe ukapungua, na heroe wengi wakaondoka kwenda maziwa mengine ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria. Maji yalizidi, na ndege wa maji wakahama. Mfano mwingine hauhitaji safari kwa mwanafunzi wa Kisumu, ambaye huenda nyumbani kwao hununua maji ya mitungi kutoka kwa mkokoteni huku akiliona kwa mbali ziwa ambalo, miongoni mwa maziwa ya maji baridi, ni la pili duniani kwa eneo.

Mifano hii miwili inafaa kwa sababu inaonyesha sharti ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Si kila lisilotarajiwa ni kinaya. Mvua ikinyesha siku ya harusi, hiyo ni bahati mbaya. Kinaya kingekuwapo kama maarusi wangeihamisha harusi kutoka Aprili hadi Januari ili kuikwepa mvua, kisha Aprili yote ikawa jua na siku yao ya Januari ikanyesha. Lazima matokeo yakigeuze kile hasa kilichotarajiwa au kilichofanywa ili kuyazuia. Methali zetu zimelishika jambo hili vizuri: mchimba kisima huingia mwenyewe, na kinyozi hajinyoi.

Kwa kinaya cha kidrama, tumia simulizi la Lwanda Magere, ambalo wanafunzi wengi wa Nyanza wamelisikia kwa bibi na babu zao. Shujaa huyu wa Kano, kama Waluo wanavyosimulia, alikuwa na mwili wa jiwe ambao mkuki haukuweza kuupenya. Maadui zake waliposhindwa vitani, walimpa binti yao amwoe, wakimtuma binti huyo aipeleleze siri ya nguvu zake. Shujaa aliugua siku moja, akamwomba mke huyo amchanje chale za dawa, na alipoona wembe hauingii mwilini akamwelekeza achanje kivuli chake. Damu ikatoka kivulini. Mke akaijua siri, akatorokea kwao, na katika vita vilivyofuata adui alikichoma kivuli, Lwanda Magere akaanguka na kugeuka jiwe.

Simamisha hadithi pale mgonjwa anapomwomba mkewe amchanje, na uulize darasa: sisi tunajua nini ambacho yeye hakijui? Tunajua ni nani aliyemtuma huyu mwanamke. Kila neno la upendo analolitamka shujaa linatutia hofu kwa sababu hiyo, na hofu hiyo ndiyo kazi ya kinaya cha kidrama. Kisha, mwishoni, uliza tena: mwili uliokuwa jiwe umeshindwa na nini? Umeshindwa kupitia kivuli, kitu ambacho hakuna mtu mwingine awaye yote anayeweza kujeruhiwa kwacho. Hapo pana kinaya cha hali. Simulizi moja limebeba aina mbili, na ni vyema mwanafunzi alione hilo mapema, asije akadhani kwamba kila kifungu kina kinaya kimoja tu na akishakipata amemaliza.

Hatua ya nne: Tenganisha kinaya na kejeli, na kinaya na sadfa

Kejeli ni maneno ya kumdunisha au kumcheka mtu, na huweza kutumia kinaya au kutokitumia. Mama aliyesema viatu vinang'aa alitumia kinaya kwa kejeli nyepesi. Lakini mtu anayemwambia mwenzake, "Akili yako ni finyu," anakejeli bila kinaya chochote, kwa kuwa amesema lile lile analolimaanisha. Na kuna kinaya kisicho na kejeli kabisa, kama cha ziwa na heroe, ambapo hakuna anayechekwa. Wape wanafunzi mfano wa mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, ambao mechi yao huitwa ya Mashemeji. Shabiki wa timu iliyoshinda akimwambia wa timu iliyoshindwa, "Poleni, shemeji, refa aliwanyima dakika mia moja za nyongeza," kauli hiyo ina chuku, ina kinaya na ina kejeli, na yote imefunikwa na utani wa ushemeji unaoifanya ivumilike. Mtu wa nje asiyejua utani huo angeweza kudhani ni ugomvi.

Sadfa ni mambo kukutana bila kupangwa. Marafiki wawili wa zamani wakikutana stendi ya mabasi ya Kisumu bila kuahidiana, hiyo ni sadfa na basi. Sasa mfikirie mwizi anayetoroka Nakuru ili akajifiche kwa shangazi yake Kisumu, akafika usiku na kukuta kwamba mpangaji mpya wa shangazi ni askari wa polisi. Kukutana kwao ni sadfa. Kwamba alikimbia polisi akaishia kulala ukuta mmoja na polisi ni kinaya. Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo mawili bila kuyachanganya amekwisha kuvuka sehemu ngumu.

Hatua ya tano: Fundisha dalili zinazoonekana katika maandishi

Katika mazungumzo, sauti huvutwa: "Mzuuuri!" Katika maandishi, mwandishi hulazimika kuacha alama nyingine. Neno "eti" au "ati" huonyesha kwamba msimulizi hayakubali anayoyanukuu: "Eti yeye ndiye fundi." "Kumbe" humleta mhusika kwenye ukweli ambao pengine msomaji aliujua zamani, na mara nyingi huonyesha mahali ambapo kinaya cha kidrama kinafikia mwisho wake. Viambishi vya udogo na ukubwa hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani, kwani anayeandika "kijibwana" hajazungumzia kimo cha mtu. Sifa zilizopita kiasi, hasa zinapofuatana, ziamshe shaka. Vyeo vya heshima vinavyotolewa kwa asiyestahili, kama vile kumwita mlevi wa kijiji "mheshimiwa," nazo ni dalili.

Wasisitizie kwamba dalili ni sababu ya kurudi kwenye yale maswali manne. "Eti" huweza kuwa swali la kawaida kabisa: "Eti, saa ngapi sasa?"

Wapo wanafunzi ambao huchukua maneno jinsi yalivyo hata katika mazungumzo, wakiwemo baadhi ya wenye usonji. Kuwaambia kwamba wahisi maana hakuwasaidii. Maswali manne huwasaidia, kwa sababu yanaigeuza kazi ya kuhisi kuwa kazi ya kukusanya ushahidi, nao huweza kuifanya kwa makini kuliko wenzao wanaokimbilia kucheka. Kwa wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani ni Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin, waombe walete mafumbo ya kwao na wayaeleze kwa Kiswahili. Watagundua kwamba ujuzi wanao.

Hatua ya sita: Soma kifungu kizima pamoja nao

Kifungu kifuatacho kinaweza kunakiliwa ubaoni. Kisomwe mara ya kwanza bila swali lolote.

*Mwenyekiti wa kamati ya usafi wa soko alipanda jukwaani akiwa amevaa suti nyeupe kama maziwa. "Ndugu zangu," alianza, "soko letu sasa linapumua. Taka tumezifukuza, na nzi wote wamehama mji." Akina mama waliokuwa wakiuza omena upande wa chini walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa akipunga gazeti juu ya beseni lake pasi na kupumzika, aliitikia kwa sauti kuu, "Ni kweli, mheshimiwa! Hawa ninaowapungia ni wageni waalikwa tu." Umati uliangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka kwa furaha na kuinua mkono kuwashukuru. Aliposhuka ili awasalimie wananchi, mguu wake wa kwanza ulitua juu ya maganda ya maembe, na ile suti nyeupe ikaonja udongo wa soko lililokuwa likipumua.*

Katika usomaji wa pili, wathibitishe hali: soko lina nzi au halina? Mwandishi hakusema popote kwamba lina nzi. Tumejua kwa gazeti linalopungwa bila kupumzika. Mwanafunzi aliyelipita gazeti hilo hawezi kuielewa sehemu iliyosalia, na hapa ndipo utakapoona faida ya kuchelewesha majina. Wakishaona gazeti, mengine hufunguka yenyewe. Hotuba ya mwenyekiti ina tashihisi katika soko linalopumua na chuku katika nzi waliohama wote. Muuza omena anakubali kwa maneno na kukanusha kwa maana, kwa hiyo ametumia kinaya cha maneno, na kwa kuwa amekielekeza kwa mtu, ni kejeli pia. Mwenyekiti anacheka akidhani ameshangiliwa, ilhali sisi na umati tunajua anachekwa. Maganda ya maembe yanaleta kinaya cha hali, kwani uchafu aliotangaza kuumaliza ndio unaomwangusha. Tashbihi ya suti nyeupe kama maziwa ilionekana pambo tu mwanzoni, na mwisho unaonyesha kwamba mwandishi aliiweka pale kwa sababu.

Wataibuka watakaosema kwamba mwenyekiti ni mwongo. Usiwakatize. Uliza kama kifungu kinatuambia alijua ukweli. Hakituambii. Huenda alidanganywa na kamati yake, na jibu lolote lazima liegemee maandishi.

Hatua ya saba: Andika jibu linalostahili alama

Swali la mtihani huwa la aina hii: "Eleza jinsi kinaya kilivyotumika katika kifungu." Jibu dhaifu husema, "Kuna kinaya, mwenyekiti ameanguka." Kuanguka si kinaya. Jibu lenye nguvu hutaja kilichotarajiwa, kilichotokea na uhusiano wa mambo hayo mawili, kwa mfano: "Ni kinaya kwamba mwenyekiti aliyejigamba kuwa ameondoa taka sokoni anateleza na kuanguka juu ya taka hizo hizo aliposhuka jukwaani. Kinaya hiki kinaonyesha kwamba viongozi hujisifia kazi ambazo hawajazifanya." Sentensi ya pili inaeleza athari, nayo ndiyo inayosahaulika na wanafunzi wengi. Kwa tashbihi au sitiari, mwanafunzi ataje vitu viwili vilivyolinganishwa na sifa inayoviunganisha, kisha anukuu maneno ya kifungu kwa usahihi. Kunukuu kusizidi kinachohitajika. Anayenakili aya nzima amemwachia msahihishaji kazi ya kutafuta.

Hatua ya nane: Waandike vya kwao

Mwanafunzi hakielewi kinaya kikamilifu mpaka akitengeneze. Mpe sentensi ya sifa, kwa mfano, "Huduma hapa ni ya haraka ajabu," na umtake aandike aya ya sentensi tano au sita ambayo itamfanya msomaji ajue kwamba huduma si ya haraka, bila kutumia neno "kuchelewa" wala "polepole." Atalazimika kutafuta ushahidi wake mwenyewe: chai iliyoota utando, mteja aliyemaliza gazeti na kuanza matangazo ya vifo, mtoto aliyeingia macho makavu akitafuta chakula na sasa amelala mezani.

Weka kanuni mbili kabla hawajaanza. Asilengwe mwanafunzi mwingine wala mwalimu wa shule, kwa kuwa kejeli ya darasani huhamia uwanjani na huko haina msimamizi. Pili, wakumbushwe kwamba kinaya kinachokubalika kati ya marika huwa utovu wa adabu kikielekezwa kwa mkubwa. Mama anaweza kumwambia mwanawe kwamba viatu vinang'aa, na mwana hana ruhusa ya kumjibu kwa mtindo huo huo. Hilo ni sehemu ya somo, kwa sababu nani anasema na anamwambia nani ni maswali mawili ya kwanza kati ya yale manne.

Wakimaliza, wabadilishane karatasi bila majina. Kila msomaji aandike chini ya aya kama msemaji anasifu kweli au la, na apigie mstari neno au tendo lililomjulisha. Mwandishi akirudishiwa karatasi na kukuta msomaji amekosea, asiongeze alama za mshangao wala maelezo kwamba msemaji alikuwa akitania. Aongeze jambo moja linaloonekana katika hali yenyewe, kisha ampe msomaji mwingine.